Sungura mwenye pumzi: je, Sammy Korir alikuwa na haki ya kumpita Paul Tergat?

#1 Mzee wa Uwanjani (mleta mada)
Habari zenu wanajukwaa. Naleta swali ambalo limenikaa moyoni tangu tarehe 28 Septemba 2003. Siku hiyo, mjini Berlin, Paul Tergat alikimbia marathoni kwa saa 2, dakika 4 na sekunde 55, akawa mtu wa kwanza kushuka chini ya 2:05. Hilo kila mpenzi wa riadha analijua. Wachache ndio wanaokumbuka kwamba sekunde moja tu nyuma yake, kwa 2:04:56, aliingia Mkenya mwenzake Sammy Korir, ambaye katika mbio zile alikuwa mwekaji kasi, yaani mkimbiaji anayelipwa kuongoza wenzake kwa kasi iliyopangwa kwa sehemu ya mbio, yule ambaye sisi humwita sungura. Rekodi ya dunia ya wakati huo ilikuwa 2:05:38 ya Khalid Khannouchi, kwa hiyo hata sungura mwenyewe aliivunja kwa sekunde 42, na leo ukilitaja jina lake kijiweni utaulizwa ni nani huyo.

Swali langu ni hili: tuseme pumzi bado ilikuwepo, je, alikuwa na haki ya kumpita Tergat pale mwishoni? Na kama haki alikuwa nayo, mbona wengi wetu tungemwona kama mtu aliyeiba? Mimi nasema wazi kuwa haki alikuwa nayo. Mtu akishabandikwa namba kifuani na kusimamishwa kwenye mstari mmoja na wenzake, huyo ni mshindani, na hakuna anayeweza kumpangia mahali pa kuchoka.

#2 Karani wa Bandari
Mzee wa Uwanjani, nakuheshimu sana lakini hapa napingana nawe. Ahadi ni deni. Sungura hulipwa kabla hata ya kujulikana nani atashinda, na analipwa kwa sababu ya mtu mwingine. Kama alitaka ushindi, angejiandikisha kama mshindani wa kawaida, akakataa fedha ya kuvuta mbio, na akabeba hatari ya kurudi nyumbani mikono mitupu kama wenzake. Huwezi kukodiwa kumpeleka bibi harusi ukumbini, kisha ukafika ukakaa kwenye kiti cha bwana harusi kwa hoja kwamba kilikuwa wazi.

#3 Nyota ya Kaskazini
Mfano wa bibi harusi umenichekesha, lakini Berlin hiyo hiyo inakupinga. Mwaka 2000 Simon Biwott aliletwa kama mwekaji kasi, akaendelea mpaka utepe na kushinda kwa 2:07:42. Wakubwa waliokuja kushinda walikuwa nyuma yake. Waandaaji hawakumfukuza wala hawakumnyang'anya ushindi, na jina lake liko kwenye orodha ya mabingwa wa Berlin mpaka leo.

Tena yaliyofuata ni ya kuhuzunisha kidogo. Mwaka uliofuata, kwenye mashindano ya dunia ya Edmonton, Biwott aliyevaa jezi ya Kenya akiwa mshindani kamili alipitwa na Gezahegne Abera wa Ethiopia kwa sekunde moja na kubaki na fedha. Mtu aliyeshinda asipotakiwa kushinda, alikosa dhahabu pale alipotakiwa.

#4 Jicho la Nyanda
Naongezea mifano miwili. Tom Byers, Mmarekani, aliombwa kuvuta mbio za mita 1500 mwaka 1981 mjini Stockholm. Kundi la akina Steve Ovett likamwacha aende mbali, kwa imani kwamba sungura hana budi kuanguka, naye hakuanguka. Ovett alimfukuzia kwenye mita za mwisho akamkosa kwa karibu nusu sekunde. Wa pili ni Paul Pilkington katika Marathoni ya Los Angeles ya 1994. Yeye alikodiwa kuvuta, akaona nyuma yake hakuna mtu, akaendelea mpaka mwisho, akapata fedha za zawadi pamoja na gari la Mercedes. Aliyekuwa wa pili, Mwitaliano Luca Barzaghi, alilalamika kwa uchungu kwa sababu aliamini sungura ameshatoka barabarani na kwamba anayeongoza ni yeye.

Kisa hicho cha pili ndicho kinachonisumbua. Barzaghi hakushindwa kwa miguu peke yake, alishindwa pia kwa taarifa. Kama angejua kuna mtu mbele, huenda angekimbia tofauti.

#5 Mwalimu Kombo
Marekebisho madogo kwa Jicho la Nyanda: ya Byers haikuwa Stockholm, ilikuwa Oslo, kwenye uwanja wa Bislett. Mengine yote uko sahihi.

Kuhusu Barzaghi, naomba tusimwonee huruma kupita kiasi. Kanuni za riadha zinakataza mkimbiaji kuongozwa na mtu asiyeshiriki mbio hizo, na ndiyo sababu sungura huandikishwa kama mshiriki na kupewa namba. Uandikishaji huo ndio unaoifanya kasi yake iwe halali, na hapo hapo ndio unaofanya ushindi wake uwe halali. Mnataka manufaa ya uandikishaji bila gharama yake? Mbio za Eliud Kipchoge za Vienna mwaka 2019, zile za 1:59:40, zilikuwa na wawekaji kasi 41 walioingia na kutoka kwa zamu, na ndiyo moja ya sababu hazikuhesabiwa kuwa rekodi. Pale kila mtu alijua nani anakimbiliwa, na hakuna hata mmoja kati ya wale 41 ambaye angeweza kushinda chochote. Hiyo haikuwa mashindano.

#6 Pumzi Mbili
Wakuu, mimi kazi hiyo nimeifanya, kwa hiyo naomba niseme nilichokiona kwa macho yangu.

Miaka kadhaa iliyopita nilikodiwa kuvuta mbio katika jiji moja la Ulaya. Mkataba ulikuwa ukurasa mmoja: nishike dakika 3 na sekunde 3 kwa kila kilomita hadi kilomita ya 25, nikiweza nilipwe zote, nikishindwa kabla ya hapo nikatwe. Kifuani wenzangu waliandikiwa majina yao, mimi niliandikiwa neno moja tu la kazi yangu. Kwenye meza za maji, chupa za wakubwa zilikuwa zimefungwa utepe na maua ya plastiki ili kila mmoja aitambue yake kwa mbali. Mimi chupa sikuwekewa, nilichukua kikombe cha karatasi kama umma, na nusu ya maji yakamwagikia kifuani.

Kilomita ya 25 ilinikuta nikiwa mzima. Wanaokimbia wanajua kuna siku mwili unakwambia kwamba leo umefunguka, na siku hiyo haiji mara tatu katika maisha. Niligeuka nyuma, nikamwona mkubwa niliyekuwa namvutia, mtu aliyenitangulia kambini na niliyewahi kufuliwa nguo na mke wake, akininyooshea mkono. Nikaingia pembeni, nikashika chuma cha uzio na kusimama. Basi la kutuokota lilikawia, kwa hiyo niliona kundi zima likinipita, watu ambao dakika moja kabla walikuwa hawawezi kuniona mgongo. Mkubwa wangu hakushinda. Aliyeshinda alitumia muda ambao mpaka leo naamini ningeuweza.

Nililipwa zote, na fedha ile ilimmalizia mdogo wangu karo ya kidato cha nne. Sijui kama nilifanya vema. Najua tu kwamba nikiulizwa kama sungura ana haki ya kuendelea, koo hukauka.

#7 Mtani wa Iten
Pole sana ndugu Pumzi Mbili. Hapa kijiweni kila mtu ana siku ambayo mwili wake ulifunguka, hata mimi ninayekimbilia matatu tu, ila wewe una risiti.

Swali la kweli: mkataba ulisema ni lazima utoke kwenye kilomita ya 25, au ulisema tu kwamba kazi yako inaishia hapo? Kwangu hayo ni mambo mawili tofauti kabisa.

#8 Mama Tumaini
Nimesoma #6 mara mbili, na nimeona nilete ya ofisini, kwa sababu nadhani ni jambo lile lile limevaa suruali.

Nilikuwa naibu wa mkuu wa idara kwa miaka sita, katika taasisi ambayo sitaitaja. Taarifa za robo mwaka niliziandika mimi, naye akazisoma mbele ya bodi. Hapakuwa na uonevu katika hilo, ndio mgawanyo wa kazi, na yeye alinifundisha mengi. Mwaka mmoja akaugua wiki moja kabla ya kikao. Akanipigia simu akiwa kitandani, akaniomba niombe kikao kiahirishwe. Mimi sikuomba. Niliingia na taarifa yangu, nikaisoma mwenyewe, nikajibu maswali yote, na baada ya miezi minne nafasi yake nikawa nayo mimi.

Wengine waliniambia nimevizia ugonjwa wa mtu. Nilijitetea kwamba kazi ilikuwa yangu tangu mwanzo. Yote mawili ni kweli, na hapo ndipo ninaposhindwa kuungana na Mzee wa Uwanjani moja kwa moja. Haki ninaweza kuwa nayo, lakini muda nilioutumia kuidai niliuchagua mimi, nao ulikuwa muda ambao mwenzangu hakuweza kusimama.

#9 Karani wa Bandari
Mama Tumaini, samahani, lakini hukumu yako ni rahisi kuitoa kuliko ya Korir. Wewe uliombwa kitu na hukukifanya. Kama ungemwambia ukweli kwamba hutaahirisha, leo ningekutetea hapa kwa nguvu zote.

#10 Fundi Spoki
Wadau, niruhusuni nitoke kidogo kwenye miguu niende kwenye magurudumu, maana mchezo wa baiskeli ndio uliolifanya jambo hili kuwa sheria ya maisha. Ukiendesha nyuma ya mwenzako anayekukatia upepo unaweza kuokoa hata theluthi ya nguvu zako. Kwa hiyo timu ya watu wanane ina mmoja wa kushinda, na saba wa kukata upepo, kuleta chupa za maji na kumpa mkubwa gurudumu lao likipasuka lake. Jina la Kifaransa la hao saba maana yake ni mtumishi wa ndani.

Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi na kulelewa kimchezo na David Kinjah kule Kikuyu, alikuwa mtumishi wa namna hiyo mwaka 2012 kwenye Tour de France, mbio kubwa za baiskeli za Ufaransa. Kwenye mlima wa Alpe d'Huez alimwacha kiongozi wake Bradley Wiggins, kisha akaamriwa kwa redio arudi. Akapunguza, akamngoja. Wiggins akashinda Tour de France, Froome akawa wa pili kwa dakika 3 na sekunde 21, na mwaka uliofuata zamu ikawa yake. Ametwaa mataji manne: 2013, 2015, 2016 na 2017. Aliyengoja hakupoteza.

#11 Mwalimu Kombo
Fundi Spoki, mlima ule ulikuwa La Toussuire, si Alpe d'Huez. Na usemi wako kwamba aliyengoja hakupoteza una tundu kubwa. Mwaka mmoja kabla, kwenye mzunguko wa Hispania wa 2011, Froome huyo huyo alimtumikia Wiggins milimani, mwishowe akawa wa pili kwa sekunde 13 nyuma ya Juan José Cobo, na Wiggins akawa wa tatu. Sekunde 13 katika mbio za wiki tatu! Siku aliyojinyima kwa ajili ya kiongozi ilitosha kuzila. Ushindi ule alikuja kupewa mwaka 2019, baada ya Cobo kufutiwa matokeo kwa kosa la dawa, yaani miaka minane baadaye, bila jukwaa na bila wimbo wa taifa.

Mfano ulio bora zaidi ni wa Hispania ya 2023. Sepp Kuss, mtumishi wa miaka mingi, alipata uongozi wa mbio kwa sababu aliruhusiwa kutoroka na kundi ambalo wakubwa hawakuliogopa. Wakubwa wake wawili, Primož Roglič na Jonas Vingegaard, badala ya kumlinda wakamwacha nyuma kwenye mlima wa Angliru, akabaki na sekunde 8 tu za kumzidi Vingegaard. Watazamaji walighadhibika, timu ikakaa kikao, wakubwa wakatulia, na Kuss akashinda kwa sekunde 17. Pale mvizia fursa alikuwa mkubwa. Nawaomba mtafakari hilo, kwa sababu tangu mwanzo wa uzi huu tunamhukumu mdogo peke yake.

#12 Mzee wa Uwanjani (mleta mada)
Asante Mwalimu, umenisaidia kusema nilichokuwa nakitafuta. Ngazi ya timu hudai subira kwa wa chini, lakini ni nadra kuandika popote ni lini wa juu atalipa. Mtumishi huambiwa zamu yake itafika, na anayeshika kalenda ni yule yule anayefaidika zamu ikichelewa.

Kwa Pumzi Mbili, nimesoma habari ya kikombe cha karatasi nikanyamaza kwa muda. Kwa Karani, nakubali kwamba ahadi ni deni, lakini deni lina kiwango. Aliyeahidi kilomita 25 na kuzitimiza amelipa. Kilomita ya 26 ni mali yake.

#13 Wa Kapchorwa
Nawasalimu kutoka upande wa pili wa Mlima Elgon. Mnachanganya sungura wa kukodiwa na ndugu wa timu moja ya taifa. Kwenye Olimpiki ya Tokyo, Julai 2021, Stephen Kissa wetu alitoka mbele peke yake kwenye mita 10,000, akaikimbia kwa kasi kwa muda, kisha akaishiwa na kuacha. Mpango ulikuwa awachoshe wengine kwa ajili ya Joshua Cheptegei na Jacob Kiplimo. Selemon Barega wa Ethiopia hakudanganyika, akachukua dhahabu, na wetu wakapata fedha na shaba. Katika matokeo, mbele ya jina la Kissa hapana muda, pameandikwa tu kwamba hakumaliza.

Huyo hakulipwa kwa kilomita. Sasa niambieni: kama Kissa asingeishiwa na wengine wasingemfikia, kama Ovett alivyomkosa Byers, angesimama awangoje akina Cheptegei? Mimi nasema hapana, na Uganda nzima ingemshangilia. Nchi haina kinyongo na aliyeshinda kwa jezi yake. Anayeudhika ni mtu mmoja mmoja.

#14 Jicho la Nyanda
Kumbe jibu liko kwenye nani mwenye mali. Waliojaribu kuliandika kisheria ni watu wa magari ya Formula 1. Mwaka 2002 nchini Austria, Rubens Barrichello wa Ferrari alimpisha mwenzake wa timu Michael Schumacher mita chache kabla ya mwisho, umati ukazomea, na kuanzia 2003 timu zikakatazwa kutoa amri za namna hiyo. Zikaendelea kutolewa kwa mafumbo. Mwaka 2010 Ferrari ilitozwa faini ya dola 100,000 kwa fumbo lililoeleweka na dunia nzima, na msimu uliofuata katazo lenyewe likaondolewa. Ngazi ya timu haikufa kwa kukatazwa, ilijifunza lugha nyingine tu.

#15 Daktari wa Misuli
Ndugu zangu, mnajadili maadili ya Korir kana kwamba tuna hakika alikuwa na akiba. Baada ya kilomita 42 kwa kasi ile, sekunde moja ni kama mita tano na nusu hivi, na mtu anaweza kushindwa kuziziba mita hizo kwa sababu miguu imeisha. Huenda hakuna heshima wala mkataba katika hadithi hii. Tergat alikuwa na kasi ya mita 10,000 na mataji matano mfululizo ya dunia ya mbio za nyika, kuanzia 1995 hadi 1999. Halafu kuna aliyeniambia faraghani kwamba Tergat alikimbia 2:04:26. Hapana, huo ni muda wa Haile Gebrselassie, Berlin hiyo hiyo, mwaka 2007.

#16 Nyota ya Kaskazini
Daktari, maelezo yako yanawezekana, ila hayaondoi swali. Mtu anaweza kuchoka kwa miguu na kwa mazoea pia. Aliyezoea kuutazama mgongo wa mkubwa, au kuwa na mkubwa mgongoni, huenda hana misuli ya kupita. Korir alikuwa sambamba na mtu ambaye kila Mkenya alimwita gwiji. Hilo nalo lina uzito wake, hata kama halipimiki kwa saa.

#17 Mama Tumaini
Karani wa Bandari, nimekaa na neno lako la #9 kwa siku mbili. Uko sahihi kwamba ningemwambia. Nilichoogopa ni kwamba nikimwambia atakuja na dripu mkononi, maana ndivyo alivyokuwa. Alipopona nilimwendea nyumbani. Alinikaribisha chai, akaniuliza swali moja la tarakimu za ukurasa wa tatu, ambazo kweli nilizikosea, na hakuligusa lile lingine.

#18 Mtani wa Iten
Pumzi Mbili, hujanijibu la #7. Na nina la pili: mkono ule alionyoosha mkubwa wako, ulikuwa wa namna gani? Kwa sababu mimi nikisoma nimeona mkono wa kukutoa njiani, lakini jirani yangu hapa amesoma akaona mkono wa kukusukuma uende.

#19 Pumzi Mbili
Nilikuwa safarini, samahani. Mkataba ulisema kazi inaishia kilomita ya 25. Neno la kutoka halikuwemo. Nilikuja kuligundua baadaye nikiwa nyumbani, nilipompa mdogo wangu aliyemaliza shule anisomee polepole.

Mkono nao ulikuwa hivi: kiganja wazi, kimenyooka mbele, kikashuka kidogo upande wa kulia. Uzio ulikuwa kulia, kwa hiyo nilielewa nitoke. Lakini barabara pale mbele nayo ilikuwa inakata kulia. Nimewaonyesha wakimbiaji wengi mkono huo, nusu wananiambia alinitoa, nusu wananiambia alikuwa ananionyesha kona niikate niende.

Miaka miwili baadaye tulikutana kwenye msiba wa kocha wetu, tukakaa benchi moja nyuma ya hema. Nikamuuliza. Alifikiri kwa muda mrefu, akaniambia kwamba siku ile anakumbuka baridi, anakumbuka chupa yake ya kilomita ya 30 ilivyomponyoka, lakini hakumbuki kabisa kuwa aliinua mkono.